Mke na Mume kwa Mdomo Mmoja

Kwenye kituo cha redio walimwita Ukoo Mzima, na mwanzoni lilikuwa jina la utani tu. Jamani, kuna utani unaoanza kwa kicheko ukaishia kuwa kazi ya mtu. Mama huyu alikuwa mwigizaji katika mchezo wa redio wa kila Jumapili alasiri, ule ambao watu walikuwa wakiweka pasi kando ili wausikilize vizuri, na ndani ya mchezo huo alikuwa mke. Mke tu, basi. Mke mwenye mdomo wake, mpole kwa wageni na mkali kwa mume, aliyeitwa Mama Kaidi kwa sababu mumewe alikuwa Baba Kaidi, mtu ambaye mvua ingemlowesha na bado angebisha kwamba hainyeshi.

Baba Kaidi aliigizwa na bwana mmoja mpana wa kifua na mwembamba wa kila kitu kingine. Walimwita Besi, kwa ajili ya sauti yake. Akipiga hodi nje ya studio, walio ndani wanaihisi kwenye meza. Yeye na Ukoo Mzima waliigiza wakitazamana, kipaza sauti kimoja katikati yao, maana hata kabla mambo hayajaharibika kituo kile hakikuwa na vipaza sauti vya kuchezea. Ukisimama karibu hivyo na mwenzako miaka nenda miaka rudi, unajua amekula nini mchana. Wakimaliza kurekodi waliteremka ngazi pamoja mpaka kituo cha basi, Besi akimwita "mke wangu wa hewani," naye akimjibu, "Mume wa hewani halishi mtu, hebu nipishe." Besi alikuwa mjane wa siku nyingi, na binti mmoja aliyeolewa mbali. Ukoo Mzima hakuolewa. Alimpenda yule mtu. Haya, nimesema mimi, kwa sababu yeye mwenyewe hakusema hata siku moja.

Kisha pesa ikaporomoka. Sina haja ya kueleza sana, kila mtu ana yake ya kusimulia kuhusu miaka ile. Mkate ulikuwa na bei moja asubuhi na nyingine jioni, na wenye maduka wakawa wanaandika bei kwa chaki ili wasipate taabu ya kufuta. Redio nayo haili hewa. Wakaanza kupunguza watu. Wa kwanza kuambiwa asante kwa kazi nzuri alikuwa msichana aliyeigiza mfanyakazi wa nyumbani kwa Baba Kaidi.

Mtunzi wa mchezo, mzee wa sigara na manung'uniko, mwenye huruma asiyotaka ijulikane, alikuja na mpango wake. "Huyu binti nitamrudisha kwao. Sentensi mbili, amepanda basi, kwisha."

"Usimrudishe," Ukoo Mzima akamwambia. "Nipe mimi, nitamsema."

"Utasema watu wawili?"

"Kwani wewe unaandika wangapi?"

Hoja yake ilikuwa hii. Kwenye redio mtu akipanda basi hashuki tena. Wiki tatu wasikilizaji wanamkumbuka, wiki ya nne hakuwahi kuzaliwa. Lakini akibaki hewani, hata kwa mdomo wa kuazima, siku mambo yakitengemaa mwenyewe atarudi akute nafasi yake ipo. Alikuwa anawashikia wenzake nafasi. Hivyo ndivyo alivyoamini, na aliamini kwa moyo mweupe kabisa. Akamchukua mfanyakazi. Baadaye akamchukua jirani mmbeya, kisha mtoto wa kiume, kisha shangazi wa mwisho wa mwaka anayekuja kuomba nauli. Jina la Ukoo Mzima likamganda.

Walipomfikia Besi, mtunzi hakutaka hata kubishana. "Huyu namuua. Moyo, dakika mbili, tunapumzika."

"Hafi mtu hapa. Nipe."

"Mama, yule ni mwanamume!"

"Nimesimama mbele ya pua yake ujana wangu wote. Unadhani sijui anavyokohoa?"

Akachukua jagi la maji, akayamwaga, akabana kidevu kifuani na kusemea ndani ya jagi tupu. Fundi mitambo aliyekuwa nyuma ya kioo akavua visikizio, akageuka kuangalia mlangoni kama Besi amerudi. Mtunzi akazima sigara. Hakuna aliyecheka.

Kosa lake lilikuwa moja, na ni kosa la mtu anayependa kimya kimya: hakumwambia Besi kwanza. Alitaka asikie mwenyewe Jumapili, akiwa amekaa nyumbani na huzuni zake, ajue kwamba hajazikwa. Alijiona anampelekea zawadi. Besi akasikia. Kesho yake jioni alikuwa amesimama kituo cha basi, hakupanda basi lolote, anamsubiri yeye.

"Hata marehemu nguo zake huachwa siku mbili tatu," Besi alisema. "Mimi umenivua nikiwa hai."

"Besi, nakushikia nafasi."

"Nafasi yangu ina mtu. Nimemsikia."

Akaondoka kwa miguu. Ukoo Mzima alituma salamu kwa fundi, akatuma kwa mtunzi, akatuma hata kwa muuza magazeti wa pale nje. Salamu zilifika, jibu halikuja. Na wale wengine walikuwa hivyo hivyo. Yule msichana wa zamani alimwona sokoni akageukia mafungu ya vitunguu kana kwamba anavikagua. Aliyekuwa mwanawe hewani alikuwa akisema kwa watu, "Yule mama ametumeza." Inauma, jamani. Unabeba watu mgongoni, nao wanakuona umewateka.

Kazi ikaendelea, na mchezo ukabadilika bila mtu kukaa kikao kuubadilisha. Mdomo mmoja haukatizani wenyewe. Kwa hiyo nyumbani kwa Baba Kaidi watu wakaacha kurukiana maneno. Huyu anasema, ananyamaza, pumzi inavutwa, ndipo yule anajibu. Hawakucheka pamoja tena. Harusi ikawa inasimuliwa kesho yake na mtu mmoja aliyehudhuria. Mvua haikunyesha miaka na miaka, maana lile bati walilokuwa wakilitikisa kufanya radi liliuzwa pamoja na kabati lake. Mtunzi aliandika kwa kufuata pumzi ya mama yule, akijua anahitaji kitambo gani kutoka kwenye sauti ya mke hadi kwenye jagi.

Na watu wakapenda! Vituo vingine, ambavyo navyo vilikuwa hoi, vikaiga. Mashuleni, kwenye mashindano ya maigizo, wakawa wanapandisha mtoto mmoja jukwaani anaigiza baba, mama na mwizi. Hata vitabu. Chukua hadithi yoyote ya miaka ile uifungue katikati: watu wawili chumbani, mmoja amesema, kimya kimetanda, mwingine ndiyo anajibu, na hakuna anayemkatiza mwenzake. Waandishi wake walikua wakisikiliza Jumapili alasiri, wakadhani watu huongea hivyo. Gazeti moja likasifu "ukimya uliobeba maana." Mtunzi aliposoma alicheka mpaka akakohoa. "Ukimya gani! Huyo ni mama anameza mate kabla hajageuka mume."

Ukoo Mzima hakucheka sana. Alikaa chumba kimoja na jiko, ghorofa ya pili, ukuta wa kadibodi upande wa kushoto. Kila jioni alifanya mazoezi ya zamu zote mbili, karatasi mezani na jagi mkononi. Kisha karatasi ikiisha, akawa haachi.

"Chai imepoa," Baba Kaidi analalamika.

"Imepoa kwa sababu ya mdomo wako."

"Basi nipashie."

Naye anasimama kweli, anapasha. Siku moja jirani wa ukuta wa kushoto alikutana naye kwenye ngazi, akamwuliza kwa adabu, "Shikamoo mama. Na yule baba hajambo?" Ukoo Mzima akajibu, "Hajambo, anakusalimia," akapanda ngazi haraka, uso unawaka kwa haya. Lakini alikuwa amefurahi. Watu wote waliondoka, angalau yule alibaki. Akizima taa humwambia lala salama, naye hujibiwa. Upweke wa namna hiyo hausimuliki, maana ukiusimulia watu watakuita wazimu, na yeye hakuwa wazimu. Alikuwa anamsubiri Besi, na kusubiri kunataka kitu cha kushika.

Miaka ikapita, pesa ikatulia, chaki zikaondoka madukani. Kampuni moja ya sabuni ikajitolea kuudhamini mchezo. Akaja mtayarishaji mpya, dada mdogo mchangamfu, mwenye viatu visivyo na kelele, aliyemshika Ukoo Mzima mikono yote miwili. "Mama, nimelelewa na sauti yako. Sasa pumzika. Tunaleta waigizaji, kila mtu na sauti yake."

"Naomba mmoja tu," Ukoo Mzima alisema. "Baba Kaidi arudi kwa mwenyewe. Mwiteni Besi."

"Besi ndiye nani?"

Ilibidi aelezewe. Dada wa watu hakuwa anajua kwamba paliwahi kuwa na mwingine. Akasema sawa, aje, watamsikiliza kama wengine wote wanaojaribiwa.

Besi alikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, upande wa rangi. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi na kuweka kopo kwenye mashine inayolitikisa kwa kelele ya kuziba masikio. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe, labda ni mvi, labda ni kazi. Hakuinua kichwa.

"Rangi gani?"

"Yoyote inayoondoa kisirani."

Akainua. "Lo! Ukoo Mzima. Umekuja nao wote au umewaacha nyumbani?"

"Nimekuja peke yangu."

Mashine ikawa inatikisa kopo la mteja, wakawa wanaangaliana tu mpaka iliponyamaza. Akamweleza habari ya sabuni, ya dada, ya nafasi. "Baba Kaidi anarudi kwako."

"Si unaye?"

"Nilikuwa nakushikia, Besi."

"Miaka yote hiyo! Mkono haukufa ganzi?"

"Umekufa ganzi. Ndiyo maana nimekuja." Akasogea karibu zaidi. "Nilipaswa kukwambia kwanza. Nilidhani utasikia ufurahi. Nisamehe."

Besi alijifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko vidole. "Mimi siku hizi naongea na makopo. Sijui kama kile kifua bado kipo."

"Kipo. Nakisikia hapa nilipo."

Akafikiri sana. Kisha akauliza, "Saa ngapi?" na Ukoo Mzima nusura amkumbatie mbele ya mteja wa rangi ya samawati.

Jioni ile hakumwigiza mtu. Aliona aibu, kama aliyejifunga shuka la mgeni na mgeni mwenyewe anapiga hodi. Alikunywa chai yake kimya na kimya hakikumsumbua, kwa sababu kilikuwa na mwisho.

Besi alikuja shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Studio ilikuwa mpya, kila mwigizaji na kipaza sauti chake, lakini aliomba wawekewe kimoja. "Sisi tulizoea kushiriki." Wakasimama kama zamani. Nyuma ya kioo walikaa mtayarishaji, fundi mitambo na bibi mmoja wa kampuni ya sabuni.

"Mama Kaidi! Nani amekunywa maji yangu ya baridi?"

Ukoo Mzima alisogelea kipaza sauti. Sauti ilikuwa imekauka pembeni, lakini ni yeye, ni yeye kabisa. Akaanza kumjibu, na kabla hajafika nusu ya sentensi Besi akamrukia, akamkata maneno, kama alivyokuwa akifanya siku zote, naye akamrukia tena, wakawa wanasema wote wawili kwa pamoja. Alitaka kupiga kigelegele! Miaka yote hiyo hakuwa amekatizwa na mtu. Hakujua kwamba ndicho alichokuwa amekosa kuliko vyote.

Spika ya ukutani ikakwaruza. "Baba, samahani. Msubiri mama amalize."

"Nimsubiri?" Besi alishangaa.

"Baba Kaidi hamkatizi mkewe. Ananyamaza kwanza, halafu ndiyo anajibu. Na ile sauti ishuke mwishoni."

Wakarudia. Besi akasubiri, akahesabu kichwani, akajibu kama mtu anayejibu polisi. "Inakaribia," ilisema spika, "lakini si yeye."

"Huyu ndiye yeye!" Ukoo Mzima akapaza sauti. "Mimi ndiye niliyemuiga. Wekeni kipindi cha zamani msikie."

Fundi akatikisa kichwa. Hakuna kipindi cha zamani. Miaka ile tepu mpya zilipokosekana, walirekodi juu ya zile zile, tena na tena. Kifua chote cha Besi kilikuwa kimefutwa kwa matangazo ya bei ya mahindi.

"Tunakuamini, mama," alisema mtayarishaji, na kweli alikuwa anawaonea huruma. "Ila wasikilizaji wanamjua mmoja. Hebu mwonyeshe baba, kidogo tu."

"Siwezi. Koo limekauka."

"Mwonyeshe," Besi alimwambia taratibu. "Na mimi nisikie."

Basi akabana kidevu kifuani, kwa sababu alikuwa ameombwa na mtu ambaye yeye hakuwahi kumkatalia. Nani amekunywa maji yangu ya baridi. Nyuma ya kioo wote watatu walitabasamu kwa pamoja. Besi alisikiliza kichwa ameinamisha upande. Kisha naye, mtu mzima yule, akabana kidevu chake kifuani, akajaribu kumuiga mwanamke aliyemuiga. Akajaribu tena. Mara ya tatu akaishia katikati, akacheka. "Hapana. Huyu bwana simwezi."

Kwenye korido, Ukoo Mzima alikuwa analia bila kujificha. Besi akamshika bega.

"Usilie, ndugu yangu. Nikwambie kitu? Baada ya ile Jumapili ya kwanza sikusikiliza tena. Nilizima redio nikabaki na hasira, nikijua kila wiki nimo mle ndani, nimebebwa. Leo ndiyo nimesikia vizuri. Nilikukasirikia bure. Hukuchukua kitu changu. Yule si mimi hata kidogo. Ni mtu mpole, anasubiri zamu yake, mimi tangu lini nikasubiri zamu?" Akacheka tena. "Umemtunga mwenyewe. Mzuri sana."

Alisema kwa wema, akiamini anamtua mzigo. Hakujua anamnyang'anya nini. Zile jioni zote, ile chai, zile salamu za jirani, lala salama na nawe pia. Hakukuwa na Besi mle. Hakuwahi kuwemo.

"Basi njoo tu nyumbani siku moja," Ukoo Mzima alimwambia. "Uje unywe chai."

"Nitakuja," Besi alisema, kwa ile sauti ambayo watu husemea nitakuja. Alishuka ngazi akiwa peke yake, na Ukoo Mzima alisimama pale akisikiliza viatu vyake mpaka mlango wa chini ukafungwa.

Kampuni ya sabuni ikaajiri vijana kwa sehemu zote, isipokuwa mbili. Baba Kaidi akabaki na sauti ambayo watu waliijua, na Mama Kaidi vile vile. Siku ya kurekodi studio ilijaa, vijana wanarukiana maneno na kucheka kwa pamoja mpaka mtayarishaji anawatuliza. Sehemu za mume na mke ziliachwa mwisho, kwa kuwa fundi aliona ni rahisi hivyo. Vijana wakachukua mikoba yao, wakamuaga mama kwa heshima, wakaenda kula.

Taa nyekundu ikawaka.

"Mke wangu, nimerudi," alisema Baba Kaidi, vizuri kuliko alivyowahi kusema.

Kikapita kitambo. Kikapita kingine. Fundi alisubiri, maana ndivyo mchezo ulivyokuwa, lakini hiki kilizidi. Akabonyeza kitufe. "Mama, sasa ni zamu ya mke."

"Najua, mwanangu. Endelea tu kurekodi."

Akavuta pumzi, akajijibu.